Barua Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza shajara. Wakubwa wote huandika shajara, na mimi ukubwa uko njiani. Daftari nimepewa na Mjomba kwa sababu lina doa la wino lililopenya kutoka jalada mpaka kurasa za ndani, wateja hawalitaki. Si kitu. Historia haichagui daftari.

Kwa msionijua: mimi ndiye Injinia. Jina nimejipa mwenyewe, wengine walikuwa wanachelewa. Nafanya kazi dukani kwa Mjomba. Tunachapa, tunatoa kopi, tunauza kalamu na bahasha. Mimi na shule tuliachana katikati ya safari. Kila mmoja anasema ndiye aliyemwacha mwenzake.

Habari kubwa: Dada amepata chuo cha uuguzi! Miaka mitatu anaomba. Miaka mitatu anaamka alfajiri, anasoma, anafua, anapika, ananipigia kelele nioge. Jumamosi karani wa chuo akampigia simu. Akamwambia barua ya kukubaliwa imetumwa kwenye baruapepe yake, ndani kuna namba ya kujiunga, ajibu na namba hiyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipojibu, nafasi anapewa mwingine. Na barua hutumwa mara moja tu.

Dada akaruka kwa furaha. Simu nayo ikaruka. Ikatua kwenye ndoo ya kufulia. Tangu juzi imelazwa ndani ya mchele na haijasema neno.

Akataka kwenda kusomea barua yake kwa Profesa. Huyu Profesa ana duka la kompyuta ng'ambo ya barabara. Ana miwani, ana cheti ndani ya fremu, ana kiti kinachozunguka. Nikamwambia Dada haiwezekani! Mtu ana mdogo wake injinia, halafu apeleke siri zake kwa jirani? Watu watasemaje?

Kompyuta yetu nzee, sikatai. Mjomba aliinunua kwenye shule iliyofungwa. Ukiiambia ifungue ukurasa wa baruapepe, inatafakari mpaka unasahau ulitaka nini. Lakini mimi nina kitabu! Kilikuja na kompyuta, hakina jalada. Humo kuna programu ya kuvuta barua. Hakuna picha, hakuna vitufe vya kubofya. Ni skrini nyeusi tu. Unaandika amri, yenyewe inakwenda mpaka kwenye seva, yaani huko zinakolala barua kabla hujazisoma, inabisha hodi, inataja jina lako na neno lako la siri, inabeba barua, inakuletea. Kama kumtuma mtoto, ila huyu hasimami njiani kucheza gololi.

Dada akasema, "Mdogo wangu, kwingine kote cheza. Hapa usinichezee."

Nikamwambia ahesabu imekwisha.

Alasiri. Kikwazo kidogo. Meza ya kompyuta inayumba, mtu hawezi kuandika amri kwenye meza inayocheza ngoma. Nimechana karatasi moja ya kitabu, ile yenye ukurasa wa 61 na 62, nikaikunja mara nne, nikaisukuma chini ya mguu. Sasa imetulia kama hakimu. Kitabu kina kurasa mia tatu, hakitaipigia kelele karatasi moja.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Lakini nisirukie.

Asubuhi niliandika faili la maagizo: jina la seva, jina la mtumiaji, neno la siri. Nikatoa amri. Programu ikagoma! Ikasema haifanyi kazi, kwa sababu faili lenye neno la siri linaweza kuonwa na watu wengine. Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Nikamwita Mjomba ashuhudie kwamba nipo peke yangu. Mjomba akasema kama tuko wawili basi siko peke yangu, akarudi kwenye kopi zake.

Ukurasa wa 58 ndio ulioniokoa. Kumbe faili lazima ulifunge, mwenyewe tu ndiye alisome. Nikalifunga. Usione vinaelea, vimeundwa.

Sasa injinia mwenye akili haanzi na barua ya dada yake. Anafanya majaribio kwa watu wengine. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa amekuja kununua rula. Nikamwambia kuanzia leo hana haja ya kumpigia magoti Profesa, barua zake nitazivuta hapahapa. Akanipa neno lake la siri palepale. Siliandiki humu, mimi ni mtu wa maadili. (Ni "cherehani".) Mara akaingia Mwalimu mstaafu kutoa kopi ya kitambulisho. Naye akakubali, ila alinitaka nirudie kauli yangu kwa sentensi iliyokamilika.

Ukurasa wa 60 unaishia hivi: "Kabla hujaanza kuvuta barua, ni muhimu sana". Halafu unakuja wa 63, unazungumzia habari nyingine kabisa. Muhimu gani huo? Waandishi wa vitabu wanapenda kututisha. Nikatoa amri.

Jamani! Mistari ikashuka kama mvua! Mmoja kwa kila barua, mbio mbio, sikuwahi kusoma hata mmoja kwa sababu nilikuwa napiga makofi. Za Fundi arobaini. Za Mwalimu tisini na nane. Kisha nikashusha pumzi, nikavuta za Dada. Sabini na sita. Jumla mia mbili na kumi na nne!

Kisha skrini ikanyamaza.

Nikasubiri barua zitokee. Hazikutokea. Kuna kijimstari tu kinapepesa, kama mtu anayeulizwa swali gumu. Sina wasiwasi. Mzigo ukishaingia ndani, kujua umewekwa chumba gani ni kazi ndogo. Nimemwambia Dada zimefika zote. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo. Nikajifanya sipendi.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ndogo imekula siku nzima.

Nimefungua kila folda. Nimepata mitihani ya ile shule iliyofungwa, nimepata ratiba ya chakula cha mchana, nimepata barua ya mzazi akilalamikia walimu. Barua za Dada sijazipata.

Saa nane Dada akachoka kungoja, akavuka barabara bila kuniambia. Nikamwona kupitia dirishani amekaa kwenye kile kiti kinachozunguka. Hakukizungusha. Akarudi polepole. Akasema Profesa amemfungulia sanduku lake la barua, na sanduku ni tupu. Si ile ya chuo tu, hata za zamani. Profesa amemuuliza kama amezifuta mwenyewe.

Nikamwambia seva zote ziko kwenye matengenezo, nimesikia kwenye redio. Akauliza redio gani. Nikasema ya mteja, amepita nayo.

Sasa nimeelewa, na ningependa nisielewe. Mimi nilidhani kuvuta barua ni kama kuchota kisimani: unachota, na kule yanabaki. Kumbe ni kama kuchota kwenye kikombe cha mtu. Mpaka chini.

Jioni Dada alikuwa anaosha vyombo. Alishika kikombe kimoja, akakiosha, akakiosha, akakiosha. Akasema, si kwangu, kwa kikombe, kwamba labda wameona hafai, wameamua kuifuta wenyewe. Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka kabisa. Nikaomba chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Nimepiga simu chuoni kwa simu ya Mjomba. Nikaibana sauti ikawa nyembamba, nikasema mimi ndiye Dada, naomba barua yangu itumwe tena. Karani akauliza, "Una mafua, dada?" Nikasema mengi sana. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikaitaja, ninaijua vizuri, ndiyo siku tunayokula vizuri nyumbani. Akauliza namba ya fomu ya maombi. Nikakohoa. Akasema atangoja nimalize. Nikakohoa mpaka Mjomba akaja na maji. Mwisho karani akasema, "Kaka, mwambie dada yako apige mwenyewe," akakata.

Saa moja baadaye Dada akapiga mwenyewe kwa simu hiyohiyo. Ikaita, ikaita. Akapiga tena. Haipokelewi. Naona namba ya Mjomba sasa inajulikana.

Mpango wa pili. Huu ni wa kitaalamu. Fundi amekuja kuuliza barua zake. Mwalimu mstaafu amekuja mara mbili, na safari ya pili aliniita "kijana wangu" kwa sauti ileile waliyoitumia walimu wangu kabla mambo hayajaharibika. Ushahidi wote uko ndani ya kompyuta ile. Nikamwendea Mjomba, nikamwambia kwa huzuni kwamba kompyuta imeingiliwa na kirusi kibaya, kirusi kinachokula barua za watu, na dawa yake ni moja tu: ifutwe yote, ianze upya kama mtoto mchanga. Kisipokuwepo kirusi hakuna kesi!

Mjomba akakuna kidevu. Akasema nimefikiri vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huu. Halafu akavuka barabara, akamwita Profesa aje kesho saa tatu na nusu kuifuta.

Profesa! Kwenye meza yangu!

Nimejikaza kisabuni. Ushahidi ukifa, hata akiuzika adui, umekufa.

Ila Dada amepiga pasi nguo yake nzuri. Nikamuuliza ya nini. Akasema kesho kabla ya saa sita anaweza akapata jibu, na asingependa limkute amevaa kanga ya kufulia.

Ijumaa, 7 Machi. Alasiri.

Profesa alifika na mkoba na diski. Akapangusa kiti changu kabla hajakaa. Akasema, "Injinia, leo pumzika. Waachie waliosomea." Dada alikuwepo, amevaa ile nguo nzuri, anamsaidia Mjomba kupanga bahasha. Hakuwa akipanga. Alikuwa akiitazama saa ya ukutani.

Profesa akataka kuchomeka waya nyuma, akaisogeza meza. Meza ikayumba. Karatasi yangu ikateleza kutoka chini ya mguu. Akaiokota, akaikunjua, akaona hapa pana kicheko cha bure. Akaisoma kwa sauti, kama anasoma tangazo la kifo:

"...ni muhimu sana ujue kwamba programu hii, ikishaleta barua, huzifuta kule kwenye seva, isipokuwa umeongeza kwenye faili la maagizo neno la kuzibakisha. Barua zilizoletwa huhifadhiwa zote pamoja katika sanduku la mtumiaji, ndani ya kompyuta yako."

Ndani ya kompyuta yako!

Nikamtazama Profesa. Diski imeshaingia. Skrini inamuuliza kama ana uhakika anataka kufuta kila kitu. Kidole kinashuka.

Sijui nilirukaje. Mjomba anasema nilipita juu ya kaunta, na kopi hamsini zikapita nami. Niliudaka mkono wa Profesa kama anayedaka kuku. Nikapiga kelele, "Humo! Barua ya Dada imo humo!"

Wote wakanigeukia. Hata feni ilisikiliza.

Nikasema yote. Karatasi chini ya mguu, barua za majaribio, kukohoa kwenye simu, kirusi nilichokitunga. Nilipofika kwenye kirusi, Mjomba alikaa chini. Dada aliiweka chini bahasha aliyoshika. Laiti angenipiga! Alinitazama tu, kisha akaitazama saa. Saa nne kasoro dakika kumi. Akasema, "Itoe."

Profesa akatoa diski, akaiwasha upya kompyuta, akalitafuta sanduku kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi. Hatukupata picha wala madirisha, ni skrini nyeusi tu. Akagusa mausi. Mausi haikufanya kitu. Akaigusa tena. Hapo ndipo nilipogundua jambo tamu katika siku chungu: Profesa skrini nyeusi haijui! Cheti chote kile ni cha kubofya!

Mimi nami kulifungua lile sanduku barua moja moja sijui. Lakini amri moja naijua kama jina langu, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku dukani: kupeleka faili kwenye printa. Nikaipeleka. Sanduku zima.

Printa ya Mjomba inatoa kurasa tano kwa dakika ikiwa imelala vizuri. Ikaanza na za Fundi. Tukagawana kurasa, kila mtu anasoma, anatupa, anasoma. Fundi akaitwa, Mwalimu mstaafu akaja mwenyewe akifuata kelele. Ghafla zikatoka kurasa sitini na moja za herufi zisizo na maana hata moja. Profesa akasema hiyo ni picha iliyotumwa na barua, ndivyo inavyoonekana ikichapwa hivi. Fundi akasema basi ni picha ya harusi ya binti yake. Akashika ukurasa mmoja, akaugeuza juu chini, akasema bibi harusi hamwoni.

Saa tano. Za Mwalimu tisini na nane. Akaanza kusahihisha makosa kwa kalamu nyekundu. Mjomba akamnyang'anya kalamu. Karatasi zikanasa ndani ya printa, Dada akazitoa kwa vidole viwili, taratibu, kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Pale nikajua atakuwa muuguzi mzuri, kama sijamharibia.

Saa tano na nusu rimu iliyokuwa wazi ikaisha. Mjomba akaleta mabaki ya nyingine, karatasi kama hamsini tu, za mwisho. Saa sita kasoro dakika ishirini nazo zikaisha, na za Dada ndiyo kwanza zimefika sitini. Tukachukua kopi zilizoharibika tukachapa upande wa nyuma; zile barua tulizotupa zilishakanyagwa zikakunjamana, printa inazikataa. Zikaisha. Mwalimu akatoa kopi zake za kitambulisho. Zikaingia.

Barua ya mia mbili na kumi na tatu: tangazo la viatu.

Barua ya mia mbili na kumi na nne: "Tunayo furaha kukujulisha..."

Mwalimu akaanza kuisoma kwa sauti. Ukurasa ukaishia kwenye maneno "namba yako ya kujiunga ni". Ukaishia hapo! Na printa inawaka taa nyekundu. Hakuna karatasi duka zima. Duka la karatasi!

Nilifanya nini? Nilichana ukurasa wa shajara hii. Ndiyo maana hapa katikati pamepungua. Printa ikaumeza, ikaguna, ikautema. Namba ikatoka juu kabisa, imepitia kwenye doa la wino lakini inasomeka.

Dada alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, Profesa nyuma yake anashika miwani. Dada aliituma saa sita kasoro dakika tisa. Saa sita kasoro dakika mbili likaja jibu: imepokelewa, aripoti chuoni baada ya wiki mbili.

Alirudi, akasimama mbele yangu. Nikafumba macho. Akanishika kichwa kwa mikono miwili. Akanitikisa mpaka meno yakagongana. Kisha akanikumbatia, akalia kwenye shati langu, akasema nina harufu, nikaoge.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu ya Mjomba: jana kutwa na leo asubuhi nimetenganisha kurasa mia tatu na themanini, za kila mwenyewe kwake. Nimezimaliza. Fundi amezibeba zile sitini na moja zote, anasema atazitunza mpaka ajifunze kuziangalia. Mwalimu mstaafu amesema barua za karatasi zinamkumbusha zamani, hana malalamiko, ila nimwombe radhi kwa sentensi iliyokamilika. Nimemwomba.

Dada amebadili neno lake la siri. Amesema hatanitajia hata akiwa mahututi. Maneno makali, lakini aliyasema akinipakulia, na sahani ilijaa.

Profesa amekuja kwa heshima zote kuniomba nimfundishe skrini nyeusi. Nimemwambia nitaona nafasi. Kabla hajaondoka aliibandika ile karatasi ya ukurasa wa 61 ukutani, mbele ya macho yangu, akasema niisome kila asubuhi kabla sijagusa kitu. Mjomba akasema amina.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kubwa kuliko yote: kosa langu lilikuwa kuanza na watu wengi. Ningeanza na mmoja, kazi ingekwenda vizuri. Kesho Mjomba anasafiri siku mbili kufuata karatasi za jumla, na baruapepe yake ina barua elfu moja na mia moja za wateja wa miaka yote. Nitamshangaza! Akirudi atazikuta zote zimevutwa, ziko hapahapa. Faili la maagizo nimeshaliandika na nimelifunga. Lile neno la kubakisha nitaliongeza pia. Lilikuwa neno gani? Litakuja lenyewe.

Shida ni moja: tangu Ijumaa meza inayumba. Nimetafuta kipande cha karatasi duka zima, hakuna hata kimoja, zote ziliisha siku ile, na bahasha Mjomba amezihesabu. Ilikuwepo moja tu, ukutani.

Nimeikunja mara nne. Meza imetulia kama hakimu.